Shati Lililobaki Kabatini

Nguo gani hiyo, mjukuu wangu: mwari huishona kwa mkono wake kabla ya harusi, huikunja akaiweka, huivaa siku moja tu, na tangu dunia iumbwe hakuna aliyeivaa akalalamika kwamba inambana?

Fikiri kwanza, usikurupuke. Si shela, wala si gauni la kanisani. Umeshindwa? Basi nipe mji. Umenipa Leiden? Ahsante, mji mzuri huo, wa sufu na mifereji. Nimekwenda, nimekaa, nimeshiba mkate na siagi, nimerudi na jibu langu. Ni shati la kufia. Kila binti wa Leiden anayeolewa hushona mawili, moja lake na moja la mumewe. Huyatia alama kwa uzi mwekundu, huyalaza chini kabisa ya kabati la nguo, na huko yanangoja.

Joost Vermaat, mpelelezi wa hakimu, hakuwa na shati la namna hiyo kwa sababu hakuwa na mke. Asubuhi ile ya Alhamisi, mwezi wa Novemba mwaka 1742, hakuwa akiwaza nguo hata kidogo. Alikuwa akiwaza sumu ya panya.

Huibert Speelman alimngojea mlangoni pa nyumba ya marehemu. Huibert alikuwa mwokaji mkate, mtu wa tumbo la heshima na nyusi nyeupe kwa unga, tena mkuu wa Mtaa wa Bata Mweusi, nyumba arobaini na mbili.

"Umechelewa," alisema.

"Ni saa mbili kamili, Bwana Speelman."

"Umechelewa siku mbili. Evert Loman kafa Jumanne alfajiri. Mimi nikapewa habari saa sita mchana. Nimekuja na wanawake wa kuosha maiti, maji ya moto wameyabeba, nakuta nini? Jeneza limekwisha pigwa misumari! Kumi na minne, nimeihesabu. Miaka kumi na tisa mimi ni mkuu wa mtaa huu, sijaona mke akimfungia mumewe kama jibini la kusafirishwa."

"Na sumu?"

"Kainunua wiki mbili kabla, muuza dawa kaniambia kwa kinywa chake. Na jeneza kaliagiza Jumatatu. Jumatatu, bwana! Mtu kafa Jumanne. Alijuaje?"

Alichomoa kwapani kitabu cha mtaa, kile cha jalada la ngozi, akakifungua palipokuwa na unyasi.

"Sikiliza. 'Maiti asifungiwe sandukuni kabla hajaonwa, uso na mwili, na mtu mmoja wa nyumba ya kulia au ya kushoto. Asipoonwa, mkuu wa mtaa atalifungua sanduku mbele ya majirani wote.' Leo saa nane mchana tunazika. Kabla hatujambeba, nalifungua. Hakimu kanikubalia. Kazi yako wewe ni kuniambia kama tutamkuta mtu aliyekufa au aliyeuawa."

Joost aliijua adhabu bila kufungua kitabu chochote. Mwanamke aliyemwua mumewe kwa sumu alinyongwa kwenye nguzo, uwanjani, mbele ya watu. Alikuwa na saa sita.

Aliingia ndani.

Jeneza lilikuwa chumba cha mbele, juu ya vigoda viwili. Aagje, mke wa marehemu, alikaa kando yake na mikono mapajani. Alikuwa na miaka hamsini na mitano, mwembamba, msokotaji wa sufu, vidole vimepinda kwa kazi. Joost alivua kofia kwa ajili ya maiti, akaketi, akatoa kalamu ya risasi.

"Pole, Mama Aagje."

"Nimepoa."

"Mumeo alikuwa mgonjwa?"

"Alikuwa mgonjwa."

"Wa nini?"

"Wa kukonda."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Daktari alimwona?"

"Hakutaka daktari. Alisema wanakuja na mkasi kwanza, maswali baadaye."

"Kwa nini hukuwaita majirani?"

Aagje aliutazama moto. Joost aliandika swali, akaacha nafasi wazi mbele yake.

"Jeneza ukaliagiza Jumatatu."

"Jumatatu hata maji yalimshinda kumeza. Ningoje nini, bwana mpelelezi? Fundi Wessel hufanya kazi kama kobe."

"Sumu ulinunua ya nini?"

"Ya panya. Walikuwa wanakula sufu. Halafu jirani akanipa paka, sumu ikakaa."

"Jirani yupi?"

"Trijn. Mke wa huyo anayetaka ninyongwe."

Joost alisimama, akaenda kwenye kitanda. Kilikuwa kitanda cha ndani ya ukuta kama vya Leiden vyote, chenye milango miwili kama kabati, na kizingiti cha ubao kilichomfika Joost kiunoni. Alikipima kwa kamba yake. Akaingia chumba cha pili, penye mtambo wa kufumia, akarudi akiburura gunia la sufu mbichi lililojaa nusu.

"Mama Aagje, ninyanyulie hili, uliweke juu ya kizingiti."

"La nini?"

"Ninyanyulie tu."

Aagje alilikumbatia gunia. Lilipanda hadi magotini, likagoma. Alijaribu tena, akahema, akaliachia.

"Maiti ni nzito kuliko hilo," alisema Joost, "hata ya mtu aliyekonda. Mtu huyu alitolewa kitandani, akapitishwa juu ya kizingiti, akalazwa sandukuni bila sanduku kuanguka vigodani. Wewe ulishika mabega. Nani alishika miguu?"

"Nilimvuta peke yangu."

"Nani alishika miguu, Mama Aagje?"

"Nimeshakuambia, bwana."

Nafasi ya pili wazi ikabaki kwenye karatasi.

Sumu ilikuwa juu ya rafu, ndani ya kopo la pilipili, nyuma ya chumvi. Karatasi ilikunjwa mara nne na kufungwa kwa matone matatu ya lakiri nyekundu. Joost aliipeleka dirishani. Lakiri haikuwa na ufa. Aliitia mfukoni, akatoka kwenda kwa muuza dawa, mtaa wa pili.

Muuza dawa aliiweka kwenye mizani.

"Uzito ule ule," alisema, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyenyang'anywa kitu. "Na muhuri ni wangu."

"Kaja kununua mara nyingine?"

Daftari la sumu lilifunguliwa. Jina la Aagje Loman lilikuwa humo mara moja. Kwa wauza dawa wengine wawili wa mji, jina hilo halikuwemo kabisa. Joost alikwenda kote kuwili kwa miguu, akasoma mwenyewe, akarudi kwa fundi wa majeneza.

Fundi Wessel alikuwa anapiga randa, na hakuacha kupiga randa.

"Kweli, kaja Jumatatu. Kaja na uzi. Ncha hii mpaka fundo hili, Wessel, kasema, na upana ufanye mdogo. Futi tano na inchi mbili. Evert hakuwa mrefu, alikuwa akinunua viatu kwenye duka la watoto, tukimcheka wote."

"Hukushangaa? Mtu bado yu hai."

"Nilishangaa, kwa nini nisishangae? Nikamwambia, mama, mzee anajua kwamba unampimia? Akasema, anajua sana, ncha moja kaishika yeye mwenyewe." Wessel alipuliza maranda. "Kwa maneno hayo nikampa mbao nzuri."

Joost aliandika. Mtu anayelishwa sumu kwa siri hashiki ncha ya uzi. Kwa upande wa sumu, karatasi yake ilikuwa karibu kujaa. Lakini nafasi mbili zilikuwa bado wazi, na ilikuwa saa nne na nusu.

Alirudi nyumbani kwa marehemu, akapekua kwa utaratibu aliofundishwa: kutoka mlangoni, kwa mkono wa kushoto, chini kwanza, juu baadaye.

Ndani ya pipa la mboji kavu, ule udongo wa kinamasi wanaouchoma huko badala ya kuni, chini kabisa, alikuta vitambaa. Vilikuwa vya kitani, virefu, vimechemshwa mara nyingi, lakini madoa hayakutoka: manjano na damu ya zamani. Vilinuka asali, na chini ya asali harufu nyingine iliyomfanya ageuze uso. Kimoja hakikuwa na doa. Kilikuwa kipana zaidi, kikuukuu, kimelainika kama ngozi ya sikio, na pembeni kilikuwa na kamba za kufungia. Alijizungushia kifuani, juu ya koti. Kilizunguka mara tatu.

Akaandika: *kidonda, kifuani, miezi mingi.* Akafikiri juu ya kisu.

Kwenye rafu ya dirishani palikuwa na bakuli la kunyolea, sabuni na wembe. Sabuni ilikuwa imekwisha nusu. Aliufungua wembe, akaupitisha kwenye ukucha. Ulikuwa butu kama kijiko, na michirizi ya mnoaji wa dukani ilikuwa bado inaonekana ubavuni, mipya. Mkanda wa kunolea ulikuwa umejaa vumbi tu.

"Mama Aagje, mumeo alinyolewa na nani?"

"Alijinyoa mwenyewe. Kila Jumamosi. Uliza mtaa mzima, maji ya sabuni nikiyamwaga mferejini."

"Kwa wembe huu?"

"Kwa huo."

Aliurudisha mahali pake. Kwenye kitanda aliwasha mshumaa, akapita ubao kwa ubao. Upande wa kichwa hapakuwa na kitu. Upande wa miguu, juu ya kizingiti, ndani ya ufa wa mbao, palikuwa na kitu cheupe. Alikichota kwa ncha ya kisu, akakiweka ulimini. Unga wa ngano. Alipoinamisha mshumaa aliona alama zenyewe, mikono miwili iliyoegemea, midogo, vidole vinene.

Huko Leiden watu hawaoki nyumbani. Mkate hununuliwa.

Kabati la nguo aliliacha la mwisho. Mashuka, taulo, soksi za sufu, kila kitu na alama zake nyekundu. Chini kabisa, kwenye karatasi ya buluu, shati moja la kufia. Lilikuwa jambo la kawaida: la mume limetumika, la mke limebaki. Alikuwa karibu kulikunja tena alipoona kola. Shati la kufia la mwanamke halina kola, lina kamba shingoni, na kofia yake ya kitani hufungwa pamoja nalo. Hili lilikuwa na kola na vifungo viwili, na chini ya kola, kwa uzi mwekundu, herufi za Evert Loman.

Shati la mume lilikuwa kabatini. La mke halikuwepo.

Joost alikaa kitako sakafuni. Mwanamke wa Leiden aweza kusahau jina la mjomba wake, lakini hawezi kukosea mashati hayo mawili. Huyafua kila mwaka, huyaanika kwenye majani pamoja na ya wenzake, huyajua gizani. Basi mwenye shati la mwanamke ni mwanamke. Na kama mwanamke ndiye aliye sandukuni, Evert Loman yuko wapi?

Wazo hilo lilimpeleka mbio kwa nusu saa. Alipanga yote: mwanamke mgeni, amekufa kwa kisu cha kifuani, Evert amekimbilia Rotterdam na kupanda meli, mke amebaki kumfichia. Ndiyo maana majirani hawakuitwa. Lilikuwa wazo zuri na lilikaa vizuri. Kisha akaanza kulipima. Viatu vya Evert, vile vidogo, vilikuwa chini ya kitanda, jozi zote mbili. Miwani yake juu ya mtambo. Kofia, koti la Jumapili, fimbo. Kitambaa kwenye mtambo kiliishia katikati ya ua. Hakuna mfumaji wa Leiden anayekimbia miguu mitupu, kipofu, na ua halijakwisha.

Ilimbidi ampate mtu aliyemwona Evert siku za mwisho. Nyumba ya kushoto ilikuwa tupu tangu Pasaka, madirisha yamepigiwa mbao. Alikwenda ya kulia.

Trijn Speelman alikuwa peke yake kwenye chumba cha kuokea, mikono ndani ya kinyunga hadi viwikoni. Alikuwa mwanamke mpana wa miaka sitini, uso mwekundu kwa joto la tanuri. Mumewe alikuwa mbele dukani, sauti yake ikisikika akimweleza mteja habari za misumari kumi na minne.

"Kaa mbali na kinyunga, mwanangu, koti lako jeusi," alisema. "Au sogea, nikupe donge la kukanda."

"Nimekuja kwa ajili ya jirani yako."

"Kila mtu kaja kwa ajili ya jirani yangu. Leo tumeuza mikate kama siku ya sikukuu. Mume wangu anapaswa kumshukuru marehemu."

"Ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Evert? Alikaa ndani. Tangu Septemba hakutoka."

"Alikuwaje?"

"Maskini! Kakonda, bwana, kakonda. Mbavu ungezihesabu moja moja mpaka mwisho. Mtu kama kikapu."

"Wenzako wananiambia Evert alivaa mashati mawili na koti juu, kiangazi na kipupwe," alisema Joost. "Hata kwenye kuvuna hakuvua. Mbavu ulizihesabia wapi?"

Mikono ya Trijn ilisimama ndani ya kinyunga.

"Ni namna ya kusema tu."

"Labda."

"Watu husema hivyo kwa kila mgonjwa."

"Jumanne alfajiri mumeo alikuwa wapi?"

"Mbele ya tanuri, kama kila alfajiri. Mwokaji hatoki tanurini kabla ya saa moja, hata mfalme wa Ufaransa akipita."

"Na wewe?"

Trijn alitoa mkono mmoja, akachota unga, akaunyunyiza juu ya ubao. Joost aliuangalia mkono ule. Ulikuwa mdogo kwa mwanamke mkubwa vile, na vidole vyake vilikuwa vinene.

"Mimi nina mikate arobaini ya kukanda, mwanangu," alisema. "Ukimaliza kuuliza, funga mlango, baridi inaua hamira."

Aliufunga. Nyuma ya chumba cha kuokea palikuwa na ua, na kwenye ukuta wa ua kimlango cha kuingilia kwa akina Loman. Bawaba zake zilikuwa zimepakwa mafuta ya nguruwe, si zamani. Joost alikipita.

Kwa hiyo Evert hakukimbia. Mtu wa mbavu za kuhesabika ndiye aliyelala sandukuni, na Trijn aliziona mbavu hizo kwa macho yake. Evert Loman alikuwa ndani ya shati la mwanamke. Joost aliyapanga mengine nyuma ya hilo, moja baada ya jingine: wembe usiowahi kukata unywele, viatu vya duka la watoto, kitambaa kipana kisicho na damu ambacho mtu alijifunga kifuani miaka mingi kabla ya kuugua, na vitambaa vyembamba vya miezi hii tangu Pasaka. Hapakuwa na kisu. Wanawake wengine hufa kwa uvimbe wa titi. Shangazi yake mwenyewe alikufa hivyo, na nyumba ilinuka vile vile, asali na ile nyingine.

Ilikuwa saa saba kasorobo. Aliingia, akafunga mlango wa barabarani, akaliweka lile shati la kola mezani mbele ya Aagje.

Aagje alilivuta karibu. Kisha akalinyoosha kola, kama mtu anayeandaa nguo ya kanisani.

"Kweli unapekua mpaka chini," alisema.

"Mmekaa pamoja miaka mingapi?"

"Thelathini na moja, ifikapo Februari."

"Ulijua tangu lini?"

"Kabla ya kanisani. Alinieleza kwenye daraja, akasema kama nataka kucheka nicheke sasa hivi, asinisikie baadaye. Alikuwa ametoka jeshini, miaka minne, ana kovu la risasi. Mimi nilitaka mfumaji asiyelewa. Nikampata."

"Jina lake la kuzaliwa?"

"Mimi namjua Evert."

"Shati lako kwa nini?"

"Aliliomba. Nikamwambia, hili la kwako nililishona na vifungo, nimejichoma vidole. Akasema, 'Najua. Lakini hilo ulijishonea mwenyewe. Nataka kulala ndani yake.' Sasa mtu anakufa, utabishana naye juu ya vifungo?"

Joost hakuandika.

"Wakilifungua saa nane?" aliuliza Aagje.

Alimweleza, kwa mpangilio, kama anavyomweleza kila mtu. Ndoa itafutwa. Jina lake litasomwa uwanjani. Atachapwa na kufukuzwa mjini, katika umri ule, Novemba. Na maiti haitaingia makaburini pa kanisa. Itatolewa nje ya kuta, wanakofukiwa walionyongwa.

"Mimi wanichape," alisema Aagje. "Lakini yeye asiende huko. Alilipa ada ya kaburi la mtaa miaka yote hii, kabeba majeneza ya watu ishirini na sita wa hapa. Wamrudishie bega."

"Kitabu kinasema maiti aonwe na mtu mmoja wa nyumba ya kulia au ya kushoto. Hakisemi lazima awe mkuu wa mtaa. Hakisemi alichokiona akitangaze."

Aagje aliinua kichwa haraka.

"Usimtaje."

"Nani?"

"Unajua nani. Alikuja kwa sababu alinisikia nikilia ukutani, akavuka ua na kinyunga mikononi. Aliona, akasema, 'Haya, shika mabega.' Ukimtaja wewe, mumewe atauacha ukuu wa mtaa kwa aibu, naye atashtakiwa kwa kujua. Atakana. Na mimi nitamwambia akane."

"Sitamtaja," alisema Joost. "Nitauliza tu."

Saa nane kasoro dakika chache chumba kilijaa. Majirani walisimama ukutani kwa nguo zao nyeusi, wabebaji kumi waliopigiwa kura mbele, wanawake nyuma, wengine barabarani wakichungulia dirishani. Trijn alikuwa amesimama nyuma ya mumewe, mikono imeoshwa na kufungwa chini ya shali.

Joost alisoma ripoti yake. Sumu ilikuwa moja, muhuri wake mzima, uzito wake kamili, madaftari matatu ya dawa yamekaguliwa. Marehemu alishika ncha ya uzi wa jeneza lake akiwa na akili zake. Alikufa kwa ugonjwa wa miezi saba. Hakimu hana kesi na mtu.

Watu walishusha pumzi. Mmoja akasema, "Ee, mimi nilijua," na mwenzake akamwambia, "Wewe jana ulikuwa unachagua mahali pa kusimama uwanjani."

"Vizuri," alisema Huibert. "Hakimu kamaliza. Sasa ni mtaa. Maiti hakuonwa." Alitoa koleo chini ya koti. "Sina ubaya naye. Lakini nikiacha leo, kesho kila mtu atamfunga mtu wake kama apendavyo, na siku moja tutamzika mtu akiwa hai. Sheria si yangu, niliikuta."

"Isome tena, Bwana Speelman," alisema Joost.

Huibert aliisoma. Alipofika kwenye nyumba ya kulia au ya kushoto, Joost aliinua mkono.

"Ya kushoto ni tupu. Ya kulia ni yako."

"Nami sikumwona!"

"Sikukuuliza wewe." Joost aligeuka, akasema na ukuta, na dirisha, na chumba chote. "Kizingiti cha kitanda kinanifika kiunoni. Asubuhi Mama Aagje alishindwa kuinua nusu gunia la sufu. Nilimuuliza swali, hakunijibu. Nawauliza ninyi nyote. Nani alishika miguu?"

Mtu alikohoa. Huibert alingoja kwa heshima, kama unavyongoja baada ya sala, halafu akaliweka koleo kwenye msumari wa kwanza. Ulitoka ukilia. Aliuweka juu ya kifuniko, akashika wa pili. Aagje alifumba macho. Wa pili nao ukatoka, na ubao ukainuka upana wa uzi.

"Huibert."

Aliendelea na wa tatu.

"Huibert Speelman, weka chini hilo koleo."

Aligeuka. Trijn alikuwa ametoka nyuma yake, amesimama upande wa miguu wa jeneza, na mikono yake ilikuwa nje ya shali, juu ya mbao.

"Mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyeshika miguu. Nimemwona uso, nimemwona mwili, nimemwosha kwa maji ya moto na kumvika, na kama kuna anayetaka niape, alete kitabu. Ni Evert Loman, jirani yetu. Rudisha misumari hiyo, mume wangu, watu wanapigwa na baridi."